Mtoa Usingizi

Kazi yangu ni kulaza watu.
Hapa Kongwa wananiita hivyo: yule dada wa usingizi.
Nawaambia, hesabu kuanzia kumi, rudi nyuma,
nao hurudi: kumi, tisa, nane,
kwenye saba ulimi unalegea.
Sita sijawahi kuisikia.

Mwenzangu Lameki alihamishiwa Bahi mwezi wa tatu.
Walisema mwingine yuko njiani.
Tangu hapo zamu ni mimi, mchana mimi, usiku mimi,
na Jumapili nakaa benchi la nyuma karibu na mlango,
sala ya toba naisali nusu.

Simu hulala ndani ya sufuria tupu, kando ya kitanda,
ili ikilia, bati livume.
Sufuria ile ndiyo tuliyopikia mlenda.
Sasa mume wangu anapikia ile ndogo ya chai,
halalamiki,
ila chumvi imezidi siku hizi,
nami najua ile chumvi ni maneno.

Julai upepo unashuka na vumbi baridi la ranchi,
unagonga bati la jikoni,
na mimi tayari niko wima, kiatu mguu mmoja,
kabla sijajua kwamba hakuna aliyeita.
Nyenje akilia, nimeamka.
Mafuta yakichachatika kikaangoni, nimeshika mkoba.
Juzi Sechelela, mwanangu, alipiga mluzi uani,
nikamjibu: damu yake ni ngapi? Mtoto anacheza tumboni?
Akanitazama. Ana miaka sita.
Akasema, mama, ni mimi.

Nimejaribu. Maziwa ya moto,
miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, Zaburi.
Nimejaribu hata hesabu yangu mwenyewe,
nikaanzia mia, kwa sababu kumi hainitoshi,
nikafika moja, nikafika sifuri,
nikakaa pale kwenye sifuri
kama abiria aliyeshushwa njia panda ya Mbande usiku
na gari la Kongwa limeshaondoka.

Alhamisi waliniita mara tatu.
Mama wa Hogoro, mtoto amekaa mlalo.
Mvulana wa Mkoka, utumbo umejisokota.
Kisha yule mama tena.
Asubuhi sikwenda nyumbani. Nyumbani kulikuwa na debe la uwele
linalosubiri kusagwa tangu Jumatatu, wakaniletea njiani,
nikalipeleka mashineni.

Mashine ile inanguruma mpaka meno yanatikisika.
Nilisimama mlangoni, nikashtuka:
hapa ikilia sitasikia.
Nikageuka niondoke na debe langu.
Kijana anayesaga, Chilongani, mweupe wa unga hadi kope,
akanyoosha kiganja.
Kwa ile kelele hakusema kitu,
akaonyesha simu, akaonyesha kifua chake,
akaonyesha magunia ya pumba pembeni.

Nikampa.
Sijui kwa nini nilimpa. Sijampa mtu simu ile tangu Machi.

Kumi, nilisema.
Sikumbuki kama tisa ilikuja.

Nilipofumbua macho jua limeingia hadi kwenye mizani,
foleni ya ndoo imepinda hadi kwa muuza vocha,
na Chilongani anamimina uwele kwa mkono mmoja,
polepole, unamwagika, wanawake wanamtazama, hawasemi.
Mkono wa pili umeshika simu,
kidole gumba juu ya kioo,
vilevile mimi ninavyoshika taya la mtu aliyelala,
nikingojea pumzi igonge kiganja changu.

Akazima mashine.
"Dakika arobaini," akasema. "Haikutetemeka hata kidogo."
Nikalipa hela ya kusaga. Akaipokea, akanirudishia chenji kamili.

Ililia saa nane za usiku, sufuria ikavuma.
Niliiweka sikioni,
nikasema nakuja,
na hadi nafika geti la hospitali
sikio langu lilikuwa bado na unga.