Mikono ya Jembe

Raya ameniwekea soksi kwapani,
soksi ya mpira, nyekundu, ya nduguye mdogo.
"Isianguke," kasema. "Ikianguka, hilo si pigo."
Imeanguka mara kumi na saba
na umande haujakauka.

Miaka thelathini na mmoja mikono hii imelima:
muhogo Kangagani, majimbi bondeni,
kisha huku Mangapwani, kwa mshahara,
nikapandishwa cheo, nikawa mtunza nyasi
zisizoliwa hata na mbuzi.
Jembe lina sheria moja tu:
lipande, lishuke, livute kwako.
Ukilibembeleza halikupi chakula.

"Usichimbe," Raya ananiambia.
"Geuza kiuno kwanza. Mikono itakuja yenyewe."
Itakuja yenyewe!
Mikono yangu haijawahi kumfuata mtu.
Ndiyo inayotangulia kuamka,
ndiyo inayotafuta viatu gizani.

Basi nageuza kiuno,
nahesabu moja, mbili, kama alivyonielekeza,
na hapo katikati, fimbo ikiwa juu ya bega,
mwili unaikumbuka Kangagani.
Pu!
Kijimpira kipo palepale, cheupe, kinanitazama.
Pembeni yake shimo
la kutosha pando moja la muhogo.
Na jioni, wa kulifukia ni mimi.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mimi ni ng'onda, Raya. Miaka hamsini na miwili juani.
Yeye, mtoto wa juzi, anafuta jasho kwa ncha ya mtandio:
"Ng'onda hurowekwa kwanza, mzee Shaame.
Nani aliyekwambia tuna haraka?"

Bikombo ndiye aliyenihoji kama hakimu,
usiku, akipepeta mchele.
"Unakwenda kupiga nini?"
"Kijimpira."
"Ukishakipiga?"
"Nakifuata."
"Ukishakifikia?"
"Nakipiga tena."
Akaweka ungo chini. Akacheka mpaka akatoka nje.

Sikumwambia kwamba miaka sita
nimesimama pembeni na reki, wageni wakipiga,
na kila mpira uliopaa
ulininyanyulia kitu kifuani,
nami nikakirudisha chini, nikaendelea kukusanya majani.

Jumatatu ya tano, uwanja hauna wageni,
soksi ilikaa.
Sikujua. Nilikuwa nawaza pampu iliyoziba,
nani ataizibua kabla ya saa nne,
nyonga ikaondoka, bega likafuata,
mikono ikafika mwisho kabisa
kama jamaa waliochelewa harusini.
Sikuhisi kitu. Hata mtikisiko.
Nikadhani nimekosa.
Nikainama kutafuta shimo langu: hapana shimo.
Raya alikuwa ameinua uso, kiganja kikikinga jua,
anatazama bado,
bado.

Pigo lililofuata nililitaka mno.
Shimo jengine. Pando jengine.

Jana, kishambani nyuma ya nyumba,
nikiinua matuta kabla ya vuli,
Bikombo akasimama na ndoo yake kichwani.
"Shaame, mbona matuta yako yanakwenda upande?"
Nikatazama nilikotoka.
Yamepinda yote, kidogo kidogo, kushoto,
kama maandishi ya mtoto wa chuoni.
"Unalima au unacheza?"

Nikageuka nimjibu.
Nyonga ikatangulia.