Karani wa Ngazi ya Pongwe

Bwana alipokimbia,
mkonge katuachia,
Pongwe tukajipatia
dola ya kimapinduzi.

Chini ukumbi: vijana,
mia wanaobishana,
sheria kushonashona,
wa korona na wa uzi.

Juu, baraza jingine
la watu arubaine,
kwa mvi wachaguane,
kwenye kilele cha ngazi.

Nami Zayumba, karani,
kalamu i sikioni,
hupandisha toka chini
sheria mbichi za juzi.

Juu hawana kalamu,
kuongeza ni haramu,
jibu lao maalumu:
"Ndiyo" au pingamizi.

Kule chini wakateta:
"Toroli tunalivuta
mlimani, breki sita!
Wazee ni kizuizi."

Nami nikawaamini,
hata robota ghalani
likaungua jioni,
akashukiwa mlinzi.

Dakika tatu, sheria:
Kupaza na familia
leo leo kuhamia
njia panda, hao wezi.

Nikapanda. Wakasoma.
Mwanahija akasema:
"Ghadhabu haina pima,
ipitiwe usingizi."

"La" ikashuka na mimi.
Nikatemewa, sisemi,
mate hayana usemi:
kuyafuta ndiyo kazi.

Asubuhi, majivuni,
tukaukuta pembeni
waya wa bwana mhuni
uliovuliwa ngozi.

Kupaza hakushukuru:
aliwasha yake nuru,
akalinda, mtu huru,
akidai wake mwezi.

Ningekoma papa hapa,
ningesifu, ningeapa
kwa dari ile. Nakupa
la pili, mwana azizi.

Alikuja na funguo
sajini; bila kituo
kasema: "Njama! Kikao
kihamie kwenye zizi."

Waliosema "La" jana
wakatazamana sana,
"Ndiyo" wote wakanena,
hata bila upekuzi.

Kufuli likafungika.
Juu, chini, tukazika
dola iliyotukuka
kwenye samadi ya mbuzi.

Ngazi ipo. Naipanda,
na goti langu lapinda.
Dari yote imevunda;
mchwa ndio wapekuzi.