Mlango wa Kumi na Saba

Bando la usiku huanza saa sita,
la bei ya chini, la walinzi na wanafunzi.
Kigogo imelala nusu; nusu nyingine inapiga mbu.
Nimetoka zamu, nimenawa, bado nanuka jiki,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai,
na mwalimu wa chuo nisichokijua hata njia yake
anafungua mdomo kunifundisha kuhesabu wagonjwa.

Anasema: sampuli. Duara linazunguka.
Anasema: sampuli ni... Duara linazunguka.
Nangoja kama ninavyomngoja mzazi asukume.
Hatimaye neno linatoka zima:
unaowaona si wote waliopo.
Nikaliandika nyuma ya kadi ya kliniki iliyochanika.

Miaka tisa nashika rejista ya zahanati.
Kuhara, kuhara, homa, kuhara,
mistari ya wino wa buluu hadi kidole kikaota sugu.
Nilidhani naujua mtaa. Kumbe
niliwajua wenye miguu ya kufika dirishani.
Aliyefia chumbani hana namba.
Aliyepona kwa uji wa chumvi hana namba.
Ile hesabu ya chini ya mstari,
inayobeba, isiyopigiwa makofi,
kwao wanaiita vyao;
sisi darasa la nne tuliiita asili.
Nikamkumbuka mama yangu, nikasimamisha video.

Somo la nne nimelirudia mara tatu
kwa ajili ya Nyamizi.
Barafu za ukwaju, alisema mjumbe, ndizo zinazoumiza watoto,
na Nyamizi akamwaga ndoo mbili mbele ya watu,
machozi na ukwaju vikaingia mtaroni pamoja.
Lakini Nyamizi huuzia pale kwenye kivuko cha mfereji,
watoto wanapopita pekupeku kwenda shule.
Wanunuzi wa barafu ndio wavukaji wa maji machafu!
Jambo la tatu husimama nyuma ya mawili,
limekunja mikono kama halimo.
Nilitaka nikamwamshe usiku ule ule.
Bando likakata.

Tukapewa madodoso: kila nyumba ya tano,
kuanzia msikiti mdogo kuteremka bondeni.
Mlango wa kumi na saba una kufuli.
"Tugonge kwa jirani," akasema Mbwiga, jasho likimtoka,
"choo chao kimoja, jibu litakuwa moja."
Simu ilikuwa imezimwa mfukoni
lakini mwalimu nilimsikia.
Nikarudi Jumanne: kufuli.
Alhamisi: kufuli, na paka.
Jumamosi nikaenda saa nne usiku
akafungua mwanamke anayeokota chupa dampo la Pugu,
viganja vimechanjwachanjwa.
"Mchana sipo. Safu yetu yote hii, mchana haina mtu.
Mkija mchana mnaongea na kuku."

Nikamsomea ridhaa:
una haki ya kukataa,
una haki ya kuliacha swali lolote.
Akacheka mpaka akashika mwimo.
"Haki ya kukataa! Hebu isome tena hiyo."
Nikaisoma tena, polepole.
Jina haliandikwi, nikamwambia.
"Basi lijue tu." Akanitajia.
Sijaliandika, hata hapa.

Alijibu maswali thelathini na mbili.
Kwenye idadi ya watoto akasema, "Wanne,"
akanyoosha vidole viwili.
Nilitazama fomu chini ya tochi.
Kuna kisanduku cha namba.
Cha vidole hakuna.

Mtihani wa mwisho nimepata sita kwa kumi.
Kufaulu ni saba,
na cheti chenyewe wanakiuza kwa dola.
Naruhusiwa kurudia baada ya saa nane;
saa nane kutoka sasa nitakuwa dirishani,
foleni imefika kwenye bomba,
na mimi, rula mkononi, nachora safu mpya
pembeni mwa rejista ya serikali:
Hawajafika.

Daktari ameuliza itajazwaje.
Nimemwambia kwa miguu, labda.
Nimemwambia, usiku.
Zaidi ya hapo bado sijasoma.