Sikio Limepita Kichwa

Husemwa sikio halipiti kichwa.
Usiku huu limekipita.
Nyumba nzima ni sikio:
ngazi, birika, soksi zilizoanikwa juu ya hita,
vyote vinauma upande wa kushoto.

Salik ana miezi kumi na tisa.
Amelishika sikio lake kama mtu aliyebeba sufuria ya moto
na hajui pa kuitua.
Chali, analia. Ubavu, analia.
Basi tunalala wima, yeye kifuani pangu,
mimi kwenye kiti cha jikoni,
nikihesabu taa za kiwanda cha uduvi
ambako Enok yuko zamu hadi kuche.

Alfajiri mto una doa la njano.
Nikashukuru, Mungu anisamehe.
Usaha ukitoka, kilio hukatika.
Sikujua zamani kwamba mtu aweza kufurahia mto mchafu.

Hii ni ya tano tangu Septemba.
Muuguzi Birthe haulizi tena jina.
Anavuta sikio juu kidogo, anachungulia kwa kijitaa chake,
anasema, "Jekundu,"
kisha ananitazama mimi, si mtoto.
Chupa ileile: unga mweupe, maji hadi kwenye mstari, tikisa.
Dawa inanukia ndizi.
Ndizi zenyewe hufika Sisimiut kwa meli, zimechoka, bei ya viatu.
Siku niliyomnunulia moja
alifumba mdomo, akageuza uso.

Mama mkwe alileta kichupa cha mafuta ya sili,
kingali na joto la mfuko wake.
Nilikipokea kwa mikono miwili,
nikakificha nyuma ya chumvi.
Alikiona pale, Bibiane, hakusema kitu.
Akamchukua mtoto ili nikaoge.

Sasa niseme habari ya mbwa.

Mbwa wa sleji hufungwa juu ya mwamba, nyuma ya nyumba zetu.
Jioni mmoja huanza, na mwamba wote humwitikia.
Wageni kutoka kusini huziba masikio.
Salik hakuwahi kushtuka.
Tulijisifu: huyu, akilala, kalala.
Nilimwita mezani mara tatu, hakugeuka,
nikasema amerithi ukaidi wa babake.
Na siku moja, karibu na jiko,
nilimpiga kikofi mkononi
kwa kutosikia.

Kwa kutosikia.

Daktari wa masikio huja kwa ndege, hewa ikiruhusu.
Februari haikuruhusu.
Machi alishuka na sanduku la chuma na mafua yake mwenyewe,
akasema nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa ute, mzito kama gundi;
mtoto anatusikia kama watu walio ng'ambo ya ukuta.
Tangu lini? nikauliza.
Akafungua faili, akafunga faili.
Angetia vijirija viwili, vidogo kuliko punje ya mchele.
Dakika kumi na tano. Enok alitafuna kamba ya kofia yake hadi ikalowa.

Tukirudi, theluji ikalia chini ya buti zangu,
krr, krr,
na Salik akachungulia kutoka kwenye mbeleko
amwone anayetufuata.
Nyumbani friji ilimtisha.
Maji ya bomba yalimtisha.
Karatasi ya mkate aliikunja, akaikunjua,
akaikunja, akaikunjua,
hadi Enok akaificha, kisha akamrudishia.

Mbwa walipoanza
alipiga yowe akanirukia shingoni,
akalia usiku mzima, kilio kipya, kisicho na sikio ndani yake,
nami nikambembeleza huku nacheka
kama mwehu.

Vijirija vitaanguka vyenyewe, alisema daktari.
Pengine tutarudi.

Sasa ni saa tisa. Mbwa wamenyamaza, sisi bado macho.
Amenipa kisogo, anachezea kishikizo cha pazia.
Nikasema samahani,
kwa pumzi tu, chini ya sauti ya hita.

Akageuka.