Panja

Keti, Imbuhila. Mlango wa mabati nimeshaufunga,
na wanaotaka rasta za Krismasi waje kesho.
Alhamisi jioni ni yako.
Fungua kitambaa. Hapa hakuna mtu.

Toa ile chupa mkobani,
ndogo kama ya dawa ya macho,
na majimaji yake ya buluu, buluu ile ile
mama aliyoitia kwenye beseni la mwisho
ili shati la shule lirudi jeupe.
Siku ya kwanza nilicheka, nikakuuliza:
tunakuza nywele au tunafua?

Ukanieleza kama unavyowaeleza kidato cha tatu:
peptidi ni kipande kifupi cha protini,
asidi amino tatu zilizoshikana mikono,
na shaba katikati, ndiyo yenye rangi.
Haioti yenyewe. Inakwenda kunong'ona mlangoni:
wa humu ndani, mmelala au mmehama?

Swali hilo nimelibeba
nikisuka vichwa vya watu wiki nzima.
Maana mimi namjua aliyewafukuza.

Miaka kumi na tisa, hapa hapa Majengo,
kibanda kikiwa bado cha mbao,
ulikuja Ijumaa ya kuamkia harusi yako.
Kageha, ukasema, vuta. Zikae hadi fungate iishe.
Nikavuta. Nyusi zikapanda, macho yakawa membamba,
ukameza vidonge viwili kwa soda
na vipele vikakutoka pembezoni kama mtama.
Tukauita urembo.
Nikakuvuta Pasaka. Nikakuvuta ulipopandishwa cheo.
Kwenye matanga ya baba yako nikakuvuta kwa uzi mweusi,
na kila mara uliinuka, ukanilipa,
ukasema asante.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Zako nilizifagia sakafuni
zikiwa bado na vichwa vyeupe, mizizi na yote,
nikazimwaga nyuma pamoja na chai iliyopoa.

Basi inama kidogo.
Tone hapa, panja la kushoto,
ngozi inavyong'aa kama mgongo wa kijiko.
Tone hapa. Usitikisike,
chupa hii ni kodi ya kibanda changu ya mwezi.
Nasugua kwa ncha ya kidole, si kwa ukucha,
polepole,
kidole hiki ambacho hakikufundishwa polepole.

Hujaniuliza kama naamini.
Daktari wa ngozi kule Kisumu alikwambia pengine,
na pengine ya elfu tatu si ya kutupa.
Palipofunga kovu, alisema, hapana tena mlango wa kubisha.
Mama mkwe wako bado anashikilia kitunguu.
Kitunguu nacho tulikijaribu: tulilia sote wawili,
nywele hazikutuhurumia.

Huu ni mwezi wa nne tangu tuanze.
Stima imepotea, mvua iko juu ya bati,
nawasha tochi ya simu, nasogea
hadi pumzi yangu inakugusa.
Kuna kitu.
Uzi wa kitambaa, labda. Napuliza. Hakiondoki.
Napuliza tena.
Chembamba, hakina rangi,
kimesimama peke yake kama mtoto
aliyefika shuleni siku ya likizo.

Ni nywele? unauliza,
na sauti si ile ya mwalimu.
Bado, nasema. Malaika.

Hucheki. Unakaza macho kwenye kioo
ambacho gizani hakionyeshi kitu.

Sikiliza. Vihenda alinipigia jana.
Amemaliza mtihani, anataka za kwenda kiunoni,
kesho saa mbili, kabla foleni haijaanza.
Shangazi, akaniambia, nataka zile za kubana.
Usinionee huruma. Vuta.

Sikumjibu. Nilisema mtandao unakatika.

Njoo naye, Imbuhila.
Keti pale dirishani, kwenye mwanga.
Na ukija, usifunge kitambaa.