Saa Nne Kasoro

Mwaka jana niliingia kwa saa nne na dakika moja,
na sekunde kumi na tisa juu yake,
kama chenji isiyo na mwenyewe.
Napajua zilipopotelea: Msabaha, mbele ya ghala la mahindi.
Shangazi Mbeyu aliniita kwa jina la utotoni
nikasimama.
Salamu za kwetu hazina mkato.
Umeamkaje, na wa nyumbani, na goti la Ngumbao,
na yule mbuzi, alizaa?
Alizaa, shangazi. Mapacha.
Haya, kimbia.

Mimi ni mtu wa duka la misumari, Maweni.
Napima robo, napima nusu kilo,
mizani ikizidi natoa msumari mmoja nauweka kando.
Kwa hiyo msinishangae:
dakika moja na sekunde kumi na tisa
nimelala nazo mwaka mzima
zikinidunga ubavuni.

Leo nimejiandika mkononi kwa penseli ya seremala:
tano na arubaini. Kila kilomita, tano na arubaini.
Firimbi imelia saa kumi na mbili kamili
na jua likatoa utosi.
Ndipo nikakumbuka uzuri wa saa zetu,
zinaanza kuhesabu kunapokucha.
Ikifika saa moja nitakuwa na saa moja.
Saa mbili, mbili. Hakuna cha kujumlisha.
Anayekunywa chai huko Barani, akitazama ukutani,
anazijua mbio zangu bila kuniona.
Siku nayo imevaa nambari kifuani.
Tumetoka pamoja.

Nataka saa nne kasoro.
Vingine vyote maishani nimevitaka visivyo na kasoro:
bati lisilo tundu, deni lisilo riba,
mume asiye na goti la mpira.
Leo tu naiomba kasoro,
hata iwe nyembamba kama ukucha.

Gede, vijana wa tuktuk wananipigia honi.
Kijana mmoja wa Kakuyuni, miguu ya korongo,
ananipita akiongea na simu.
Nenda, baba. Sikushindani wewe.
Mida nazunguka pipa lililopakwa chokaa:
saa mbili kasoro sekunde ishirini.
Mate yamekuwa gundi. Nageuka, jua limo usoni.

Wakati wa kwenda ghala lilikuwa limefungwa.
Sasa limefunguliwa, na kiti kipo nje,
na shangazi yupo kitini,
mkono umeshapanda.
Jina lile lile la utotoni.
Nitarudi, shangazi! nikasema, bila kugeuza shingo.
Sikusikia jibu.
Nimebeba mifuko ya saruji mgongoni mwangu,
haijawahi kuwa mizito kama kimya kile.

Halafu ikaja ya thelathini na sita.
Hiyo si kilomita, ni mteja.
Anaingia, anakalia kifua chako,
anauliza bei ya hiki, bei ya kile,
anashika, anarudisha,
hanunui, haondoki.
Paja la kushoto likaanza kujisemea lenyewe.
Penseli imeyeyuka kwa jasho, mkono hauna tena hesabu.
Nikaanza kuhesabu misumari:
mia hadi kwenye nguzo, mia hadi kwenye mwembe,
mia nyingine, mia ya mkopo.

Sikumbuki uwanja. Nakumbuka kamba,
na Ngumbao anachechemea na ndara zangu mkononi,
na saa yangu: tatu, hamsini na tisa, arubaini na moja.

Niliketi chini. Mji wote ulikuwa bado haujafika saa nne.
Zilibaki sekunde kumi na tisa, zangu,
nimezipima mwenyewe,
na sikujua zinanunua nini.
Nikampokonya Ngumbao simu.
Ikaita. Ikaita.
Shangazi, umeamkaje?

Kimya. Kuku anasikika upande wa pili.
Kisha, taratibu, na anajua vyema ni nani:
Nani mwenzangu?