Unga wa Kopo

Kopo lilikuwa jeusi, kubwa kama kichwa cha ndama,
limechorwa mwanamume asiye na shingo.
Spartak, wa duka lililopakana na jumba letu la kunyanyulia vyuma,
alilishusha rafuni kwa mikono miwili
kama mkunga anayemkabidhi mama mtoto.
"Kijiko asubuhi, kijiko jioni," akasema,
"na hivi vidonge vyekundu, vya kuyeyusha mafuta.
Mwezi mmoja tu, Shushanik. Kioo kitakuuliza jina."

Nikahesabu dramu zangu.
Zilikuwa trei saba za mayai.

Hapa Gyumri baridi haibishi hodi,
inaingia na viatu vyake.
Bibi Haykanush alinikuta jikoni nikitikisa chupa.
"Unga gani huo?"
"Wa misuli, Bibi."
"Haukandwi?"
"Haukandwi."
"Wala hauumuki?"
Nikanyamaza. Akarudi kwenye dengu zake,
akizichambua mawe, moja, moja,
na kila jiwe likilia kwenye sahani ya bati.

Sitaki kusingizia.
Ule mweupe usio na ladha, kreatini, ulifanya kazi kidogo,
na kidogo ni neno la haki:
pale nilipozoea kuchuchumaa mara tano na chuma mabegani
nilikwenda sita.
Kilo moja ikaongezeka mwilini,
sehemu yake, kocha Varuzhan aliniambia,
ni maji yaliyokaribishwa kwenye nyama.
Protini nayo ni chakula.
Ni maziwa yaliyofukuzwa maji, yakavishwa vanila, yakapewa cheti.
Siku nilizokimbia kazini bila kula, yalinifaa.
Siku nilizokula jibini na mayai ya Bibi
sikuona yalichoongeza ila gesi tumboni.

Lakini vile vidonge vyekundu!
Usiku wa pili moyo ulipiga mbio kifuani
kama farasi aliyeona nyoka.
Nilihesabu nyufa za dari mpaka nikazipa majina.
Asubuhi mikono ilitetemeka, na chuma kikajua.
Baada ya wiki mbili mizani ilishuka gramu mia sita.
Nikashangilia, nikanywa supu,
gramu zikarudi zote, na jamaa zao.

Varuzhan alisoma kibandiko kwa miwani iliyofungwa uzi.
"Kafeini. Pilipili. Na mchanganyiko wa siri."
Akalirudia hilo la mwisho polepole.
"Siri ya nani? Siku ya mashindano utapimwa mkojo, binti.
Mkojo haujui kutunza siri."
Kisha akatazama ukutani,
kwenye mraba wa rangi iliyong'aa kuliko nyingine,
palipokuwa na picha ya Arsen na medali yake,
kabla hajafungiwa miaka miwili
kwa kitu ambacho kopo halikukitaja.

Nazeli ana miaka kumi na mitano.
Namkuta ameegemeza pua kwenye kioo cha duka la Spartak,
pumzi yake ikimfunika mwanamume asiye na shingo.
"Dada, vinasaidia?"
Namuuliza jana amelala saa ngapi.
Namuuliza amekula nini mchana.
Namuuliza Jumanne alikuwa wapi, mbona hatukumwona.
Ananitazama kama niliyemnyima kitu.
Alitaka jibu linaloingia kwenye kijiko.

Mwezi Machi nilinyanyua kilo tisini na moja.
Nani aliyezinyanyua?
Ule mchuchumao wa sita? Dengu?
Miaka mitatu ya kuangukia makalio mbele ya wavulana?
Kelele za Varuzhan, au usingizi ulionirudia
nilipotupa vile vyekundu chooni?
Sijui kugawa.
Misuli haitoi risiti.

Kopo lilipoisha nililisuuza, nikalikausha juu ya jiko la Bibi.
Sasa nimelijaza chaki ya mikono.
Mwanamume amefifia ubavuni, bado hana shingo.
Kabla ya kila mnyanyuo natumbukiza mikono yote miwili,
unga mweupe unapaa hadi puani,
napiga chafya,
na chuma hakiniponyoki.